Manju Aliyetunyamazisha

Mwaka ule tulikula ndiga. Mtu wa Handeni ukimwambia hivyo anajua ni mwaka gani, huna haja ya kumtajia tarehe. Ndiga ni kiazi cha porini, kichungu. Ukishakichimba unakikata vipande vyembamba, unakiloweka siku tatu, unamwaga maji, unaloweka tena. Ukikifanyia haraka kinakulevya, na ukikifanyia haraka zaidi kinakuzika. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo maduka ya Chanika, hapo mjini kwetu Handeni, yalijaa. Ruhusa ilikuwa imetoka, mwenye uwezo aingize anachotaka, basi kukawa na mchele mweupe wa ng'ambo, biskuti za bati, sabuni za kunukia, redio kaseti zenye spika mbili. Huko nyuma ulikuwa unaitafuta sabuni na haipo. Sasa ipo, inakutazama. Tulikuwa tunapita mbele ya magunia ya mchele tumejitwika vikapu vya ndiga, na mwenye duka anatuambia karibuni.

Huo ndio mwaka ambao Manju aliacha kuunguruma.

Nitamwita Manju tu, kama tulivyomwita wote, wakubwa kwa wadogo. Manju ni yule anayetunga wimbo wa ngoma na kuuanzisha, wengine wanamfuata. Kwetu ilikuwa kazi ya wanaume. Yeye, mwanamke, hakuomba, aliichukua. Ukoo wake sitauzungumza, watu wa ukoo wake wapo na wana midomo. Mimi nasema ninayoyajua, na ninayajua kwa sababu nilikuwa mwitikiaji wake wa kwanza. Yeye anarusha, mimi nadaka, wenzetu wanane wanapokea. Siku zile hapakuwa na mwanamke kati ya Handeni na Korogwe aliyeitikia kunishinda. Sijisifu, waliokuwapo ulizeni.

Sauti yake haikuwa ya kike wala ya kiume. Ilitoka chini ya kitovu, ikapita kifuani ikikwaruza kila ilichokikuta, ikamtoka kama lori bovu linapanda mlima wa Lushoto na gia ya kwanza. Watoto wachanga walilia. Mbuzi walikata kamba. Na sisi nyuma yake tulikuwa na ngoma tatu kubwa, madebe ya mafuta yaliyotobolewa, filimbi za chuma, na njuga miguuni, tukipiga vyote kwa pamoja na kwa nguvu hadi mtu aliyesimama karibu anahisi meno yanacheza. Shehe mmoja alimwendea nyumbani kumuuliza kwa upole kama ana jini. Manju akampa kiti, akampa maji, akamwambia, "Shehe wangu, jini lenyewe lingekuja lingeniomba nipunguze." Shehe alicheka mpaka maji yakampalia.

Jibu hilo alilitoa kwa sauti yake ya nyumbani, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Nyumbani Manju alizungumza kama anaogopa kuamsha mtoto. Muuza dagaa alikuwa akimwambia, "Mama, sema kwa nguvu, sisikii." Anarudia vilevile, kidogokidogo, mpaka muuza dagaa anainama. Nilimuuliza mbona hivyo. Akasema, "Nguvu naiweka. Dagaa hawachezi ngoma."

Alikuwa na masharti yake. Siku ya ngoma hanywi maji baridi na hasalimiani na mtu kabla ya Alasiri. Ngoma zikiwambwa motoni anaweka sikio kwenye ngozi kama mkunga kwenye tumbo, anasema, "Hii bado imelala," na inarudishwa motoni hata kama bwana harusi amekwisha simama. Alikuwa akituambia, "Msiimbe vizuri. Vizuri waachieni watu wa redio." Lakini ole wako ukosee pigo moja! Aliwahi kusimamisha ngoma nzima mbele ya wakubwa wa wilaya kwa sababu mwenzetu wa debe alichelewa kidogo tu. Wakubwa wamekaa, miwani imewalowa jasho, yeye anamfundisha yule wa debe kama yuko uani kwake. Nami hakunibakiza. "Wewe, mdogo wangu, unaitikia kama unafukuza kuku. Nimekuita mimi, siyo kuku." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliitikia alivyotaka.

Watu wetu walijiita watu wa kelele. Madereva wa malori waliopumzika Kabuku walikuwa watu wetu. Vijana wa shuleni, wanawake waliochoka na waume zao, waume waliochoka na wake zao, wote. Na kulikuwa na Wamasai wa nyika za chini, wale wachunga ng'ombe, walikuja kwa miguu na fimbo zao wakasimama nyuma. Hawakujua maneno yetu. Lakini Manju akianza kuunguruma, na wao wanaanza, kule kooni kwao, hun, hun, hun, shingo zinakwenda mbele na nyuma. Manju aliwapenda kuliko wote. "Wale ndio wananielewa," alisema. "Ninyi mnanizoea tu."

Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi Korogwe, kwenye chumba ambacho fundi alikizungushia magodoro ukutani. Tulipoanza, kishale cha mashine kikalala upande mmoja, hakikurudi. Fundi akapiga kelele, "Mama, mashine inaungua!" Manju akamjibu, "Iache iungue." Kanda hiyo ilikwenda mpaka Segera na Chalinze. Ukipanda gari unatusikia. Kinyozi wa Chanika aliipiga kutwa nzima, watu wakatoka na vichwa vilivyokatwa upande, hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo aliposema turudi Korogwe kurekodi ya pili, nilitangaza. Nilimwambia kila mtu, hata wasioniuliza. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa mtu wa kujisikia, nikamwambia, "Safari hii utasikia sauti yangu hadi jikoni kwako." Nikanunua kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya kwenda kuimba kwenye kanda, kana kwamba kanda ina macho.

Tulipofika chumbani Manju akatuambia tukae chini. Ngoma zikae nje. Njuga tuvue. Akabaki mmoja wetu mlangoni na kinu, akaambiwa atwange polepole, na huko kinuni hakuna kitu. Mimi nikauliza, "Na mimi, dada?"

"Wewe utanyamaza."

"Nyimbo ngapi?"

"Zote."

Akaita. Hakuunguruma. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayemwita mtu wa mbali. Kisha akanyamaza. Kinu, tu. Kinu, tu. Muda mrefu hivi kwamba fundi alinyoosha shingo kuona kama amezimia. Akaita tena. Akanyamaza tena. Upande wa kwanza wa kanda ni huo, na upande wa pili ni huohuo, ila mwisho wa upande wa pili hata kinu hakipo. Nilikaa sakafuni na kitambaa changu kipya, kila aliponyamaza koo langu likaruka lenyewe kutaka kudaka, nikalishika.

Kanda ilipofika Handeni, watu walidhani betri zimekwisha. Usicheke. Redio kaseti betri zikichoka muziki unavutika, unakuwa mzito, kisha unakata. Sasa mtu anaweka kanda ya Manju, anasubiri kelele, anasikia uuu, kisha kimya. Anatoa betri. Uani kwa watu mtaa mzima ukaona betri zimeanikwa juani juu ya ungo, zipate nguvu. Wengine walizigonga jiwe. Wengine walimpelekea fundi redio, akafungua redio nzima nzima, akasafisha kichwa kwa spiriti, akarudisha, ikalia vilevile. Mwenye duka la betri ndiye pekee aliyesema tangu mwanzo kwamba kanda hiyo ni nzuri.

Walipojua kwamba ndivyo ilivyoimbwa, wakagawanyika. Kuna waliosema amerogwa. Kuna waliosema amezeeka, sauti imekatika, anaficha. Madereva waliona wametukanwa, kwamba mtu anaendesha kutwa nzima aje asikilize kinu? Mwalimu mmoja wa shule alisema hajasikia kitu kizuri namna ile tangu azaliwe, akakosa mtu wa kucheza naye bao kwa wiki mbili. Jirani zangu, mtu na mkewe, waligombana, mke anataka kuisikiliza akipika, mume akatoa betri akazitia kwenye tochi yake, akaenda nayo shamba mchana kweupe. Watu waliokutana kwenye ngoma zetu miaka yote wakawa hawakai benchi moja. Wengine walimwita Manju, wengine wakaanza kumwita Betri.

Na mimi? Nilisema na waliosema. Nilisema kisimani, nilisema sokoni. Nilisema kanda ile haina maana.

Maana nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Mwaka ule wa ndiga tulikwenda porini, wanawake saba, upande wa nyika, kila baada ya siku tatu, maana ndiga za karibu zilikwisha chimbwa. Kati ya hao saba walikuwamo Manju na bintiye, msichana wa kuanza kuvunja ungo, mrefu kama mama yake, mpole, hana makuu. Porini mnachimba mkiwa mmetawanyika, kila mtu na mzizi wake, na desturi ni kuitana. Mmoja anaita, kisha ananyamaza asikilize, wenzake wanajibu mmoja mmoja, anawahesabu kwa sauti. Asiyejibu anatafutwa. Ndivyo walivyofanya mama zetu.

Sisi siku ile tulikuwa tunaimba. Tulikuwa na njaa, tukasema tuimbe, kazi iende na wanyama wakae mbali. Manju akaunguruma, mimi nikadaka, wenzetu wakapokea, tukapiga majembe kwa mawe. Ilikuwa moja ya siku tulizoimba vizuri kuliko zote, nasema kweli, pori lote lilikuwa letu. Tulipochoka ndipo Manju akaita kwa kuhesabu, asikie sauti sita. Tukajibu watano. Akaita tena. Tukajibu watano.

Tulimtafuta siku hiyo na siku nane zilizofuata, wanaume walikuja, Wamasai walikuja na mbwa. Hatukupata hata kipande cha khanga yake. Msichana yule lazima alituita. Mtu akipotea anaita. Lakini sisi tulikuwa na kelele zetu.

Manju hakulisema hilo hata siku moja, wala kwa mtu yeyote. Hakulia mbele yetu. Aliingia ndani, akatoka baada ya miezi, akatupeleka Korogwe kurekodi. Hivyo kimya kile nilikijua ni cha nini tangu kilipoanza, pale sakafuni. Nilijua anasikiliza. Na bado nikakasirika kwa sababu sauti yangu haimo, na mama mkwe wa binti yangu aliniuliza mbele ya watu, "Kumbe wewe ndiye unayetwanga?"

Kisha tukaenda kupiga Kabuku, siku ya mnada. Watu wengi, malori yamepanga mstari, ng'ombe wamefungwa, mchana jua kali. Tulikwenda na ngoma zote, maana Manju aliwaahidi watu watasikia za zamani na mpya. Akaanza na mpya. Akasimama katikati, peke yake, njuga zimo miguuni lakini hazilii, akaita. Akanyamaza.

"Betri!" dereva mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka.

Akaita tena. Akanyamaza.

"Mwanikeni juani huyo!"

"Mgongeni jiwe!"

"Mama, tumelipa nauli kuja kukuona ukisinzia?"

Manju hakugeuka. Akaita mara ya tatu. Na safari hii kutoka nyuma, kule walikosimama Wamasai, ikaja sauti. Haikuwa hun, hun ya kucheza. Waliita kama wanavyoita ng'ombe aliyepotea, mmoja, kisha mwingine mbali zaidi, kisha mzee mmoja kwa sauti iliyopasuka. Manju nilimwona usoni. Miezi yote ile sikuwa nimemwona akiwa na uso ule. Alifumba macho, akaita mara ya nne, akainamisha kichwa kusikiliza.

Mimi nikaingia katikati nikaanza wimbo wa zamani.

Sitasema nilisukumwa. Watu walikuwa wananiita, ndiyo, wanasema mama ingia utuokoe, lakini miguu ni yangu na mdomo ni wangu. Niliunguruma kama nilivyomsikia akiunguruma miaka yote, nikapiga kofi, wenye ngoma wakachukua, madebe yakachukua, na watu wa kelele wakalipuka. Vumbi likapanda. Madereva wakapiga honi. Kama kulikuwa na mtu yeyote anayejibu kule nyuma, hakusikika tena.

Manju alifumbua macho. Aliinama, akafungua njuga, mguu wa kulia kisha wa kushoto, akaziweka chini taratibu zisilie, kana kwamba zingesikika katika kelele ile. Akatembea kuelekea barabarani. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa, na hakunitazama kwa ubaya. Ningependa angenitukana. Wamasai walimfungulia njia, wakaondoka naye.

Wiki hiyohiyo alihama Chanika akaenda Mnyuzi, kwenye shamba la kaka yake karibu na reli. Mimi nikawa manju. Nilikuwa mzuri, nasema bila aibu, tulipiga miaka minne na tulijaza watu. Lakini nilikuwa narudia nyimbo zake, sikutunga hata mmoja. Nikikaa kutunga nasikia kinu. Kisha vikaja vyombo vya disko, mtu mmoja na spika zake anamaliza harusi nzima, na sisi tukarudi jikoni. Ngoma zetu mbili zililiwa na mchwa. Ya tatu ni ghala la kunde.

Kanda yake nilikuwa nayo. Siku moja nilihitaji kanda ya kurekodia kaswida za madrasa ya wajukuu. Unaziba vitundu vya juu kwa karatasi, kanda yoyote inakubali kurekodi upya. Nikaziba, nikarekodi. Nilipofikia upande wa pili, mkono ukasita, nikaendelea. Baadaye nilipoitaka, nikauliza Chanika nzima. Kila mtu alikuwa amefanya kama mimi. Mmoja amerekodi harusi, mmoja mahubiri, mmoja mpira. Hata mwalimu, yeye yake iliyeyuka juani dirishani.

Nilikwenda Mnyuzi nikiwa nimekwisha kuwa na wajukuu sita na goti bovu. Nilishuka Korogwe, nikapata pikapu, nikamalizia kwa miguu kando ya reli. Nilimkuta uani anapepeta choroko. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zote, mgongo uleule ulionyooka kama mchi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Goti limekuwaje?"

Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa kigoda, akanipa maji. Tuliongea habari za watu, aliyekufa, aliyeoa, mashamba ya mkonge yaliyouzwa na vibarua walioondoka. Alinichekesha mara mbili, kwa sauti yake ileile ya nyumbani, nikainama kumsikia. Nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi, kumbe miaka yote nimejitesa bure. Basi nikasema.

"Dada, Kabuku nilikukosea."

"Najua."

"Nilijua unasikiliza nini. Nilijua, nikakufunika."

"Najua kwamba ulijua." Aliendelea kupepeta. "Na porini nilifunika mimi. Wewe ulidaka tu."

Choroko zilipanda zikashuka kwenye ungo. Mwisho nikamwambia kilichonileta, maana mimi si mtu wa kuzunguka. Kanda zimekwisha zote, nikamwambia, imebaki kichwani mwako tu. Iite mara moja, hapahapa uani, hakuna mtu. Ita kama ulivyoita Korogwe, na ukinyamaza mimi nitajibu. Sitajibu kwa nguvu. Nitajibu kama mtu wa mbali. Angalau mara moja isikike imejibiwa, kabla hatujafa sisi wawili.

Akaweka ungo chini.

"Siimbi. Nafasi ile ina mwenyewe."

"Mbona Wamasai waliijibu, na ulifurahi? Nilikuona."

"Wale hawakunijibu, mdogo wangu. Wale walinisaidia kuita."

Nikalia. Mimi silii ovyo, nimezika mume na watoto wawili na watu walinitazama wakangoja chozi bure. Pale nililia kama kitoto, nikamshika mkono, nikamwambia basi nisaidie na mimi kuita, sitaki kujibu tena, niache niite na wewe. Nilimwomba kwa jina lake la nyumbani, ambalo halikutoka mdomoni mwangu miaka mingi.

Aliuacha mkono wake ndani ya wangu. Alinifuta machozi kwa ncha ya khanga yake, jicho la kulia, jicho la kushoto, kama anavyofutwa mtoto. Kisha akaniambia, kwa upole uleule na kwa sauti ndogo ileile:

"Siimbi. Nafasi ile ina mwenyewe."